Heptani au heksani, ethili asetati au asetoni: kuchagua kiyeyushi cha kupandisha vibamba katika hewa ya Lamu na Malindi

Mtu anayetaka kutenganisha vitu vilivyomo katika dondoo la majani, katika mafuta ya rihani au katika kidonge kilichosagwa, kwa njia ya kromatografia ya tabaka jembamba ambayo vitabu huiita TLC, hukabiliwa na uamuzi wa kwanza kabla hajagusa kibamba, yaani kipande kilichopakwa silika ambacho hutiwa madoa ya dondoo na kusimamishwa ndani ya kiyeyushi: atumie kiyeyushi kipi, na ndani ya tangi, yaani chombo chenye mfuniko, la namna gani. Majibu ya vitabuni mara nyingi hudhani kwamba maabara ina kiyoyozi, joto la nyuzi 20 na hewa kavu. Hapa Malindi ninapofundisha, maabara ina madirisha yaliyo wazi na feni moja ya dari. Lamu, ambako mwanafunzi wangu wa zamani anakeneka mafuta ya rihani na mchaichai, meza ya kazi iko ghorofani mtaa wa Langoni, na hewa ya bahari haiachi kuingia usiku wala mchana. Ulinganisho huu nimeufanya kwa ajili ya meza za namna hizo mbili.

Mwezi wa Mei mwaka mmoja aliniletea ujumbe: «Shikamoo Mwalimu. Doa la rihani wiki iliyopita lilikomea kwenye thuluthi, leo limepita nusu, na mchanganyiko ni uleule. Nimekosea wapi?» Nikamjibu: «Marahaba mwanangu. Usiuguse mchanganyiko kwanza. Niambie mvua imenyesha siku ngapi na vibamba vilikaa wapi.» Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na vibamba vilikuwa kwenye rafu bila kifuniko. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloamua mambo mengi kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa ya kiyeyushi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Silika iliyopakwa kwenye kibamba hukamata vitu vyenye upolari, yaani ambavyo chaji za umeme za molekuli zake zimeegemea upande mmoja, na kiyeyushi kinapopanda kwa nguvu ya kapilari, ile inayopandisha mafuta kwenye utambi, hushindana na silika kuvibeba vitu hivyo. Umbali ambao doa limesafiri, ukigawanywa kwa umbali ambao kiyeyushi kimesafiri, ndio Rf, na doa unalolihitaji lifae kusomwa likikaa baina ya 0.2 na 0.5, kwa kuwa chini ya hapo madoa hulundikana kwenye mstari wa kuanzia na juu ya hapo hulundikana karibu na ukingo. Mchanganyiko una sifa mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni nguvu, yaani uwezo wa kuyasukuma madoa yote kwa pamoja; ya pili ni tabia, yaani namna kiyeyushi kinavyopendelea kitu kimoja kuliko kingine. Madoa yote yakiwa chini mno, ongeza nguvu. Madoa mawili yakiwa yamegandana katikati ya kibamba, kuongeza nguvu kutayapandisha yakiwa bado yamegandana, na hapo kinachohitajika ni kiyeyushi cha tabia nyingine.

Mkemia Mmarekani Lloyd Snyder alivipanga viyeyushi kwa namba za upolari, na katika miaka ya 1970 akavigawa katika makundi manane kwa tabia zake. Namba hizo ni za kuanzia tu, lakini zinasaidia: heksani ina 0.1, toluini 2.4, dikloromethani 3.1, ethili asetati 4.4, asetoni na methanoli 5.1. Nguvu ya mchanganyiko hukadiriwa kwa kuzidisha kila namba kwa sehemu yake ya ujazo na kujumlisha, kwa hiyo sehemu 70 za heksani na 30 za ethili asetati zinatoa kama 1.4, na ukitaka nguvu ileile kwa asetoni unahitaji sehemu 26 tu badala ya 30.

Sasa tulinganishe hao wawili, ambao ndio wengi wetu huanza nao. Ethili asetati na asetoni zimo katika kundi moja la Snyder. Ni ndugu wa tumbo moja. Anayetoka kwenye heksani na ethili asetati akaenda kwenye heksani na asetoni akitumaini kwamba madoa yaliyogandana yataachana, mara nyingi atakuwa amebadilisha nguvu na si tabia. Kwa hiyo uchaguzi baina yao haufai kufanywa kwa hoja ya kutenganisha, bali kwa hoja ya namna kila kimoja kinavyostahimili joto la pwani. Katika nyuzi 25 kanieneo ya mvuke wa asetoni, kipimo cha wepesi wa kuvukiza, ni kama kilopaskali 31, na ya ethili asetati ni kama 12.6, asetoni huchemka kwenye nyuzi 56, ethili asetati kwenye 77. Maana yake mezani ni kwamba mchanganyiko wa asetoni uliopimwa saa tatu asubuhi si ule utakaokuwa tangini saa tano, hasa ikiwa kifuniko kimefunguliwa mara nne kuingiza na kutoa vibamba. Asetoni ina faida yake: mnato wake ni mdogo, kama millipaskali-sekunde 0.30 dhidi ya 0.43 za ethili asetati, hivyo hupanda haraka zaidi. Kwa kibamba cha sentimita saba tofauti hiyo ni ya dakika chache, nami siihesabu kuwa sababu ya kutosha.

Ninakoitumia asetoni kwa moyo mkunjufu ni darasani. Majani ya mronge yakitwangwa na asetoni kidogo, dondoo likatiwa doa kwenye kibamba na kupandishwa kwa heksani na asetoni kwa uwiano wa 70 kwa 30, wanafunzi huona kwa macho matupu karotini ya manjano ikikimbilia juu, feofitini ya kijivu ikifuata, kisha klorofili a ya kijani chenye ubuluu, klorofili b ya kijani chenye umanjano, na luteini na jamaa zake chini. Somo ni la kibamba kimoja, mchanganyiko ni wa siku hiyo, na hakuna anayehitaji Rf ya leo ilingane na ya mwezi ujao. Mkeneka mafuta anaihitaji ilingane, na kwake ethili asetati inashinda.

Upande wa pili wa mchanganyiko, ule usio na upolari, una mashindano ya watatu: etha ya petroli, heksani na heptani. Etha ya petroli inayochemka baina ya nyuzi 40 na 60 ni mchanganyiko wa haidrokaboni ambao huanza kutoweka tangu chupa inapofunguliwa, na sioni sababu ya mtu wa Lamu kuinunua. Heksani ndiyo iliyozoeleka, lakini mwili huigeuza kuwa kitu kinachodhuru mishipa ya fahamu, na anayeivuta kila siku katika chumba kisicho na kabati la kuvuta mvuke anajihatarisha. Heptani ina nguvu karibu ileile kwenye silika, huchemka kwenye nyuzi 98, na kanieneo yake ya mvuke katika nyuzi 25 ni kama kilopaskali 6 dhidi ya 20 za heksani. Kwa kawaida unaweza kuiweka mahali pa heksani bila kubadilisha uwiano, kisha ukarekebisha kidogo tu. Ina dosari moja ambayo wauzaji hawaitaji: ndani ya mchanganyiko wa heptani na ethili asetati, ethili asetati ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo mchanganyiko uliokaa wazi hudhoofika na madoa hushuka. Dawa yake ni kupima mililita kumi kumi, kutumia na kumwaga kwenye chupa ya taka, wala si kujaza tangi asubuhi na kulitumia hadi magharibi.

Kwa mafuta ya kunukia, mshindani halisi wa heptani na ethili asetati ni toluini na ethili asetati kwa uwiano wa 93 kwa 7, mchanganyiko unaojulikana sana kwa wanaochunguza mimea ya dawa. Hapa tabia inabadilika kweli, kwa kuwa toluini imo katika kundi lingine. Eujinoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu na ya baadhi ya aina za rihani, hukaa karibu na katikati ya kibamba, ilhali haidrokaboni za mafuta hayo hukimbilia ukingoni. Angalia hapa namba za Snyder zinavyoweza kukupotosha: kwa hesabu, mchanganyiko huu ungekuwa na nguvu ya 2.5, zaidi sana ya ile 1.4 ya heksani na ethili asetati, lakini kwenye silika toluini ni dhaifu kuliko namba yake, na mpando wenyewe hauonyeshi tofauti hiyo. Toluini huchemka kwenye nyuzi 111, kwa hiyo inatulia tangini hata mchana wa kaskazi, nayo ni sifa kubwa. Ubaya wake ni mwili kutoipenda, kibamba kuchukua muda mrefu kukauka, na kwamba masalia yake hufyonza mionzi ya urujuanimno: ukikiweka kibamba chini ya taa ya nanomita 254, ambayo madoa huonekana kwayo kama giza, kabla hakijakauka kabisa, utaona giza mahali pasipo na doa.

Dikloromethani na methanoli, kwa uwiano kama 95 kwa 5 au 90 kwa 10, husifiwa kwa alkaloidi, yaani vitu vya mimea vyenye nitrojeni, na kwa vitu vyenye upolari mkubwa ambavyo ethili asetati peke yake haivisogezi. Nimeutumia, na sitampa mtu wa Lamu ushauri wa kuuchukua. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40. Siku ya Februari joto la chumbani haliko mbali na hapo, na kinachobaki tangini baada ya vibamba viwili huenda kisiwe tena mchanganyiko ulioupima. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi kwa sababu ya madhara ya kiafya. Mbadala ninaouona unafaa ni kuchanganya kwanza ethili asetati na ethanoli safi kwa uwiano wa 3 kwa 1, kisha kuutumia mchanganyiko huo kama kiyeyushi kimoja chenye nguvu dhidi ya heptani. Hupanda polepole zaidi kwa sababu ethanoli ina mnato wa kama 1.1, mara mbili ya methanoli, lakini hautoweki upesi kama ule wa dikloromethani. Ethanoli hiyo isiwe spiriti ya dukani, ambayo huwa na maji na viongezwa.

Wanaoshughulika na magome ya mikoko wana shida yao. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na gome la mkandaa linajulikana tangu zamani kwa tanini zake. Lakini tanini na flavonoidi hazitikisiki kwa heptani wala kwa toluini. Mchanganyiko wa jadi ni butanoli, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 4:1:5, ambao hutikiswa, huachwa ujitenge tabaka mbili, na tabaka ya juu ndiyo hutumika. Hutenganisha vizuri, lakini mnato wa butanoli ni kama 2.5, na mpando wa sentimita kumi unaweza kula asubuhi nzima. Zaidi ya hayo, butanoli na asidi hiyo huendelea kutengeneza esta ndani ya chupa, hivyo mchanganyiko wa wiki iliyopita si wa leo. Ethili asetati, asidi ya fomiki, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 100:11:11:26 hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa muda mfupi zaidi, na mimi huuchagua huo kila ninapoweza kuvumilia harufu.

Kasi ya mpando inastahili maneno yake, kwa sababu wengi huidhani kuwa ya mwendo mmoja. Umbali uliopandwa ukizidishwa kwa wenyewe hulingana na muda. Kwa hiyo kiyeyushi kinachopanda sentimita nne kwa dakika tano kitachukua dakika ishirini kufika sentimita nane, si kumi. Kadiri kinavyochelewa, ndivyo madoa yanavyotanuka na ndivyo mvuke unavyopata nafasi ya kutoroka kwenye uso wa kibamba. Ndiyo maana katika joto letu sipandishi zaidi ya sentimita sita au saba. Kama madoa mawili hayajaachana kwenye umbali huo na Rf zake ziko chini ya 0.3, ni afadhali kukausha kibamba na kukipandisha mara ya pili kwa mchanganyiko uleule kuliko kununua kibamba kirefu.

Tangi nalo ni la aina mbili: lililoshibishwa mvuke na lisiloshibishwa. La kwanza hutandikwa karatasi ya chujio ukutani, hutiwa kiyeyushi, hufunikwa, na huachwa dakika kama ishirini kabla ya kibamba kuingia. La pili hupokea kibamba papo hapo. Katika tangi lisiloshibishwa kiyeyushi huvukiza kutoka kwenye kibamba kinapopanda, zaidi kwenye kingo kuliko katikati, kwa hiyo kiyeyushi kingi zaidi hulazimika kupita, Rf huwa kubwa zaidi, na madoa ya pembeni hupanda juu kuliko wenzake wa katikati ingawa ni kitu kilekile. Kuna wanaolipenda kwa sababu kupita kwa kiyeyushi kingi wakati mwingine huachanisha madoa magumu, na katika nchi ya baridi hoja yao ina uzito. Hapa kwetu silipendi hata kidogo. Niliwahi kuweka tangi la namna hiyo chini ya feni, madoa sita ya dondoo moja yakajipanga kama mwezi mwandamo, nami nikapoteza siku nzima nikilaumu kapilari, ule mrija mwembamba wa kutilia madoa. Chupa ya jamu yenye mfuniko mzuri, kipande cha karatasi ya chujio na subira ya dakika ishirini, mbali na feni na mbali na jua la dirishani, vinafanya kazi kuliko tangi la bei kubwa lililowekwa pabaya.

Nirudi kwenye unyevu. Silika iliyonyonya maji hewani hukamata vitu kwa udhaifu, hivyo madoa hupanda zaidi, na hicho ndicho kilichotokea Langoni. Ushauri wa vitabu ni kuvichoma vibamba kwenye tanuri kwa nyuzi 110 kwa nusu saa. Ushauri huo ni sahihi na hautoshi, kwa sababu kibamba kilichotoka tanurini hurudi kunyonya unyevu wa chumba kwa dakika chache tu, na kutia madoa sita kwa makini huchukua zaidi ya hapo. Unabaki na kibamba ambacho si kikavu wala si chenye unyevu unaojulikana, na Januari ya kaskazi haitakupa jibu la Mei ya kusi.

Njia ninayoipendekeza badala yake ni kuacha kupigana na unyevu na kuufunga mahali pamoja. Hewa iliyofungiwa juu ya maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, yaani yenye chumvi isiyoyeyuka chini yake, hukaa kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi, kiwango ambacho pwani yetu inakizoea. Weka kibakuli cha chumvi hiyo chini ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, weka vibamba vilivyokwisha kutiwa madoa juu ya kichanja ndani yake kwa nusu saa, kisha vihamishe upesi hadi tangini. Chumvi iwe ile iliyosafishwa ya mezani. Chumvi ghafi kutoka mashamba ya Gongoni ni nzuri kwa samaki, lakini ina magnesiamu, ambayo kloridi yake huvuta unyevu hadi kiwango cha chini zaidi, cha asilimia 33 ikiwa peke yake. Kwa kuwa kibamba chako sasa kina unyevu zaidi kuliko cha kitabu, punguza nguvu ya mchanganyiko: mahali kitabu kinaposema 70 kwa 30, anza na 80 kwa 20. Mwanafunzi wangu wa Lamu alipofanya hivyo alirudi kwenye thuluthi yake, na ikabaki hapo mvua ikiwepo au isiwepo. Anayetaka utenganisho wa juu kabisa atasema kuwa silika kavu ingempa nafasi kubwa zaidi baina ya madoa. Ni kweli, na kama ana chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi hata stima inapopotea, na aitumie.

Linabaki swali la ununuzi, ambalo Lamu si dogo, kwa kuwa kila chupa lazima ivuke kutoka Mokowe kwa mashua, na viyeyushi vingi nilivyovitaja, dikloromethani ikiwa kando, hushika moto kwa urahisi. Havifai kuwekwa miguuni mwa abiria wala karibu na injini, bali vipakiwe kwa makubaliano na nahodha anayejua anachobeba. Mwenye uwezo wa chupa mbili tu anunue heptani na ethili asetati. Akipata ya tatu na kazi yake ni mafuta ya kunukia, iwe toluini, na aitumie karibu na dirisha. Ya nne iwe ethanoli safi. Asetoni inunuliwe kwa kuosha vyombo na kwa somo la mronge. Asidi ya fomiki ni ya mwenye magome ya mkandaa mkononi, na hiyo isafirishwe peke yake, chupa ikiwa ndani ya ndoo yenye mchanga. Chupa ya taka iwe na mfuniko na jina, maana mitaro ya mji wa Lamu ina njia moja tu, nayo ni kuelekea baharini.